Kuhamia mkoa mwingine na familia: angalia haya kabla hujauza shamba

Kila mwaka pamba ikishauzwa na mahindi yakishaingia ndani, maswali ya wasikilizaji kwenye kipindi chetu cha jioni hubadilika. Mbegu na bei zinawekwa pembeni, watu wanaanza kuuliza njia. "Nasikia Katavi bado kuna mapori, ni kweli?" "Liwale wanapokea wafugaji?" "Kaka yangu yuko Malinyi, ananiita niende na ng'ombe." Mzee mmoja wa Meatu alitupigia mwezi wa saba akasema shamba lake limeshapata mteja, lori ameshaongea nalo, kilichobaki ni sisi tumtajie mkoa wenye ardhi nzuri.

Tulimwomba aahirishe lori. Mzee alikasirika kidogo, na ninamwelewa. Lakini swali lake haliwezi kujibiwa kwa jina la mkoa. Mtu hahamii mkoa, anahamia kijiji, na ndani ya kijiji anahamia kipande kimoja cha ardhi chenye mipaka yake na historia yake. Vijiji viwili vinavyopakana, vyote vya kijani, kimoja kinaweza kukupa hati na kingine kikakupa kesi. Kwa hiyo makala haya yanaeleza namna ya kuchagua, na mikoa tutaitaja ndani yake.

Pori lina mwenyewe

Nianze na la nyumbani kwetu. Baba yangu mdogo alihama mwaka 2004, mimi nikiwa darasa la sita. Aliuza shamba la mbuga na ng'ombe kumi na wawili, akapanda gari na familia nzima hadi upande wa kusini magharibi mwa nchi. Huko alinunua ekari 40 kwa mtu aliyemkuta ameshafyeka. Karatasi ilikuwepo, tena yenye muhuri wa kitongoji. Misimu mitatu alivuna mahindi ambayo kwetu hatujawahi kuyaona. Alituma salamu, alituma na gunia, na nusu ya ukoo ukaanza kuulizia nauli.

Msimu wa nne walikuja watu na kopo la rangi nyekundu, wakapaka miti. Shamba lilikuwa ndani ya msitu wa hifadhi. Bikoni zilikuwepo siku zote, zimefunikwa na nyasi mwendo wa nusu saa nyuma ya nyumba yake, kwa maana kwamba yeye ndiye alikuwa amepita mpaka. Aliondoka mahindi yakiwa yanabeba. Alirudi na watoto saba, akakuta shamba lake la zamani limepandwa dengu na mwenyewe mpya. Mpaka leo analima kwa kukodi.

Aliyemuuzia hakumdanganya kwa kila kitu. Ardhi ilikuwa na rutuba, mvua ilikuwepo, majirani walikuwa watu wema. Kosa lilikuwa moja tu: wote waliamini kwamba mahali pasipo na nyumba hapana mwenyewe.

Na sisi watu wa huku tungepaswa kuwa wa kwanza kulijua hilo, kwa sababu tunazo ngitili. Mgeni akipita Kishapu au Maswa akaona majani marefu hayajaguswa, atadhani ni malisho ya bure. Kila mtoto wa kijijini anajua ni ngitili ya nani, na inafunguliwa lini. Basi na mapori ya wenzetu yako hivyo hivyo, ila wenyewe hawaonekani.

Kisheria ardhi ya Tanzania imegawanywa mafungu matatu: ardhi ya jumla, ardhi ya vijiji na ardhi ya hifadhi. Hifadhi haimaanishi hifadhi ya taifa peke yake. Kuna mapori ya akiba, kuna misitu ya serikali kuu, misitu ya halmashauri za wilaya, na misitu ambayo kijiji chenyewe kimeamua kuitunza. Vyote hivyo kwa macho ya mtu anayetafuta shamba vinafanana: miti, nyasi na ukimya.

Tena hadhi ya eneo hubadilika watu wakiwa ndani. Wasikilizaji wa miaka mingi wanakumbuka Ihefu, kule Mbarali mkoani Mbeya. Mwaka 2006 na 2007 serikali iliwaondoa wafugaji kwenye bonde hilo, wengi wao watu waliotoka kanda yetu, na wengi wakaelekezwa Lindi na Pwani. Ng'ombe walikufa njiani, na kuna familia zilizofika zikiwa na robo ya kundi. Mwaka 2008 eneo la Usangu likaingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na mgogoro wa vijiji vya huko ukaendelea kwa miaka mingi baadaye. Mwaka 2019 nako Burigi-Chato, Mto Ugalla na Nyerere vilitangazwa kuwa hifadhi za taifa. Anayekwenda kuishi jirani na maeneo ya namna hiyo aulize mpaka uko wapi, halafu aombe aoneshwe kwa mguu. Kuoneshwa kwa kidole hakutoshi.

Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, inafundisha jambo jingine. Huko kuna vijiji vinane vinavyolipwa fedha za hewa ya ukaa kwa kuuacha msitu wa Ntakata usimame. Fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati. Ukifika na shoka kwenye msitu kama huo unagusa mfuko wa kijiji kizima, na wanakijiji ndio watakaokukamata kabla ya askari yeyote.

Nani anagawa ardhi

Hili ndilo swali lenye fedha nyingi ndani yake, kwa hiyo lisome taratibu.

Ardhi ya kijiji inasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji kwa niaba ya wanakijiji, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya mwaka 1999. Mgeni anapeleka maombi kwa Halmashauri ya Kijiji. Halmashauri inayajadili, kisha inayapeleka kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani mkutano wa wakazi wote waliofikisha miaka 18. Mkutano ukikubali, ndipo Halmashauri inakugawia. Hata ukinunua kwa mtu binafsi, mauziano hayo lazima yapite Halmashauri ya Kijiji.

Mwenyekiti wa kitongoji hana mamlaka ya kugawa ardhi. Mwenyekiti wa kijiji akiwa peke yake hana. Mtendaji akiwa peke yake hana. Dalali, hata akija na pikipiki yenye bendera ya chama chochote, hana. Muhuri ni wino tu kama nyuma yake hakuna kikao.

Kwa hiyo kitu cha kudai ni muhtasari wa Mkutano Mkuu wa Kijiji, ukiwa na tarehe, mahudhurio, na jina lako na ukubwa wa eneo ulilopewa. Omba nakala. Kiongozi anayekuambia muhtasari "utaandikwa baadaye" anakuambia kwamba mkutano haujafanyika. Sheria inataka mkutano huo uitishwe kila miezi mitatu, hivyo kusubiri si jambo la mwaka mzima. Panga chumba, subiri mkutano, hudhuria, simama ujieleze mbele ya watu. Siku hiyo utajua zaidi kuhusu kijiji kuliko wiki nzima ya kuzunguka na dalali. Utaona nani ananuna, nani anauliza idadi ya ng'ombe zako.

Kuna ukomo wa ukubwa pia. Kijiji kwa mamlaka yake kinagawa hadi hekta 20, karibu ekari 50. Ukiahidiwa ekari 200 na uongozi wa kijiji kwa mkono mmoja, ondoka. Na hapa niseme neno kuhusu vipimo, maana watu wameumia. Huku kwetu tukisema "heka" tunakusudia ekari, hatua sabini kwa sabini. Hekta ni kitu kingine, ni ekari mbili na nusu hivi. Muuzaji anaweza kusema moja na kukupimia nyingine, na wote wawili mkaapa kwamba mlielewana.

Uliza pia kama kijiji kina mpango wa matumizi bora ya ardhi. Huo ni mpango ulioandikwa wenye ramani inayoonesha wapi pa kulima, wapi pa kulisha, wapi pa makazi na wapi pa msitu. Kijiji chenye mpango huo kinaweza kukupatia hatimiliki ya kimila. Kijiji kisicho nao si lazima kiwe kibaya, ila mipaka yake iko kwenye vichwa vya wazee, na wazee hufa.

Hati ikitoka, iandikwe majina ya mume na mke. Akina mama wengi wanaotupigia wanasema waliuza chao nyumbani kwao wakachangia safari, kisha mwenzao alipofariki wakaambiwa ardhi ni ya ukoo wa mume. Sheria hiyo hiyo ya 1999 inasema mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi haina nguvu. Lakini ni rahisi zaidi kuonesha jina lako kwenye hati kuliko kunukuu sheria ukiwa na watoto mgongoni.

Nenda kiangazi, na usiende peke yako

Wengi wanakwenda kutazama nchi mwezi wa pili au wa tatu, mvua zikiwa zimeshika. Mwezi huo kila mahali ni pazuri, hata kwetu. Nenda Septemba au Oktoba. Uone mto uliotajwa kama bado ni mto. Uliza kisima kiko umbali gani wakati huo, na foleni ya ndoo inaanza saa ngapi.

Nenda na mkeo, au mtu mzima wa kike wa nyumba hiyo. Hili wanaume wa kwetu hawalipendi, nauli mbili, na kadhalika. Lakini baba anatazama udongo na malisho. Mama anatazama maji, kuni, zahanati na njia ya kwenda shule. Tuliwahi kuongea na mama mmoja aliyekataa mahali ambapo mumewe alikuwa ameshalipa malipo ya awali, kwa sababu alikaa kisimani nusu siku na wenzake wakamwambia mkunga wa karibu yuko wapi. Hakukuwa na wa karibu.

Ukiwa huko, usiulize shamba jipya linatoa magunia mangapi. Tafuta shamba lililolimwa miaka saba au kumi mfululizo, uliza hilo. Sehemu kubwa ya mikoa ya magharibi na kusini ni nchi ya miombo. Udongo wake mwingi ni wa kichanga, na nguvu yake ya mwanzo inatokana na majivu na majani yaliyooza kwa miaka. Ukifyeka na kuchoma, misimu miwili mitatu unacheka. Kisha mavuno yanashuka, na bila mbolea unaanza kutazama pori linalofuata. Aliyezoea mbuga yetu nyeusi, inayolimwa tangu enzi za babu, atashangaa. Mavuno ya baba yangu mdogo ya misimu mitatu yalikuwa ya kweli, ila yalikuwa ni akiba ya msitu anaila.

Mvua nayo ina kalenda yake. Huku Kanda ya Ziwa tunahesabu vuli na masika. Ukishuka Tabora, Katavi, Rukwa, Songwe, Ruvuma, Lindi au Mtwara, msimu ni mmoja mrefu, kuanzia Novemba hivi mpaka Aprili au Mei. Ukikosea kupanda hakuna msimu wa pili wa kujirekebisha, na njaa yake ni ya mwaka mzima.

Halafu kuna ndugu anayekuita. Ndugu ni mtaji mkubwa, atakupokea, atakuonesha njia, watoto wako watakuta wenzao. Ila mwulize bila aibu: wewe mwenyewe una karatasi gani? Wapo wanaoita ndugu zao wawe wengi kwa sababu wanajua walipo si halali, na wanaamini watu wakizidi serikali itaona haya kuwaondoa. Si kwamba ana nia mbaya. Ana hofu, na anataka mtu wa kushirikiana naye hofu hiyo.

Mikoa inayoulizwa sana

Katavi inaongoza kwa simu zetu, na si ajabu. Kwa sensa ya 2012 mkoa huo, uliokuwa umetengwa na Rukwa mwaka ule ule, ulikuwa na watu 564,604. Sensa ya 2022 ilihesabu 1,152,958. Watu wameongezeka maradufu kwa miaka kumi. Mahindi na mpunga vinakubali, tumbaku na pamba vipo, barabara ya Tabora hadi Mpanda sasa ni ya lami, na treni inafika Mpanda. Lakini hesabu hiyo ya watu inasema kitu kingine pia: wanaokwambia "ardhi ipo tele" wanakumbuka Katavi ya zamani. Mkoa umebeba hifadhi ya taifa, mapori na misitu mingi ya hifadhi, na ardhi ya vijiji iliyobaki inagombewa. Anayekwenda leo aende kama mtu anayenunua mahali palipojaa.

Rukwa ni nchi mbili. Juu Ufipa ni baridi, mahindi, maharage na ulezi, na mbolea ni lazima. Chini kwenye bonde la Ziwa Rukwa ni joto, na watu wa kwetu walishafika huko na ng'ombe tangu zamani. Maji ya ziwa lile yana magadi, na kingo zake husogea mwaka hadi mwaka, kwa hiyo malisho ya mwaka huu yanaweza kuwa ndani ya maji mwakani.

Morogoro, hasa Kilombero, Malinyi na Ulanga, inajulikana kwa mpunga. Ni nchi tajiri na ndiyo sababu imejaa. Mwaka 2012 ilifanyika operesheni ya kuondoa mifugo mingi kwenye bonde la Kilombero. Na upande wa Kilosa kuna jeraha la zamani: Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wakulima 38 waliuawa katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Wapo watu wazima leo waliopoteza wazazi siku ile. Mfugaji anayeingia wilaya hiyo, hata awe mpole namna gani, anaingia kwenye kumbukumbu hiyo, na anapaswa kuijua kabla ng'ombe wake hawajakanyaga shamba la mtu. Nisingemshauri mwenye kundi kubwa aanzie huko.

Lindi na Mtwara ni habari nyingine kabisa. Huko ni korosho, ufuta na mbaazi. Mkorosho unakaa miaka mitatu hivi ndipo uanze kukupa kitu, kwa hiyo mtu aliyefika na fedha za msimu mmoja atakwama, labda aanze na ufuta. Mazao yanauzwa kwa stakabadhi ghalani kupitia vyama vya msingi, na fedha huingia benki, hivyo fungua akaunti mapema. Liwale, Nachingwea, na jirani zao wa Tunduru mkoani Ruvuma, wana tatizo la tembo kuingia mashambani. Uliza njia za tembo kama unavyouliza njia za maji. Na jambo dogo ambalo si dogo: wenyeji wengi ni Waislamu wenye taratibu zao za mazishi, ndoa na Ijumaa. Mgeni anayehudhuria misiba ya wenzake tangu wiki ya kwanza anakaa.

Geita na Kahama wanaulizwa na vijana kwa ajili ya dhahabu. Kwa familia inayotafuta kulima hakuna la ajabu la kusema. Ardhi ni ghali na imeshagawiwa.

Popote utakapokwenda, usikubali kiwanja au shamba la kudumu lililobandikwa kwenye ukingo wa mto au ziwa. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye maji. Mara nyingi kipande hicho ndicho wageni wanauziwa, maana wenyeji wanajua.

Ng'ombe

Mifugo haihami kimya kimya usiku. Inahitaji kibali cha kusafirisha kutoka kwa afisa mifugo, na chanjo zake ziwe zimeandikwa. Kabla ya hapo uliza kijiji unachokwenda kimeruhusu mifugo mingapi kwa kaya. Vipo vijiji vilivyojiwekea idadi, na ukifika na themanini wakati idadi ni ishirini, sitini hao ni kesi.

Uliza josho na lambo. Uliza mbung'o, ambaye wengine wanamwita ndorobo. Nchi ya miombo ina mbung'o wengi, na ng'ombe wa kwetu waliokulia uwanda wazi hawajamzoea. Nagana inaweza kumaliza kundi kabla ya mvua ya pili. Waliofanikiwa wengi waliuza sehemu kubwa ya kundi nyumbani, wakaenda na maksai wa kulima na majike machache, wakaona kwanza. Wazee hawapendi kusikia hivyo. Ng'ombe ni heshima, najua. Lakini ng'ombe aliyekufa kwa nagana hana heshima wala bei.

Watoto, dawa na karatasi

Baba yangu mdogo aliporudi, binti yake alikuwa darasa la saba. Alikuwa amesajiliwa mtihani shule ya kule. Familia iliondoka mwezi wa tano, mtihani mwezi wa tisa, na hakuna aliyekumbuka. Hakufanya. Ndiye aliyeniambia niandike sehemu hii, na akasema niiweke wazi: usihamishe mtoto wa darasa la mtihani katikati ya mwaka. Darasa la nne, la saba, kidato cha pili na cha nne, usajili wake uko kwenye shule aliyopo. Baba aende Julai au Agosti na kijana mkubwa, wajenge na kuandaa shamba kabla ya mvua za Novemba. Mama na wanafunzi wafuate Desemba shule zikifungwa, wakiwa na barua za uhamisho mkononi. Uhamisho wa mkoa hadi mkoa unapita ofisi zaidi ya moja, kwa hiyo mwone mwalimu mkuu mapema, si siku ya lori.

Vyeti vya kuzaliwa vya watoto visiachwe nyuma. Kuvifuatilia ukiwa mkoa mwingine ni kazi na nauli.

Kwa anayetumia dawa za kila siku: za kufubaza virusi, za kifua kikuu, za kifafa, za presha au sukari, chukua barua ya uhamisho kutoka kliniki yako na uulize kituo cha karibu unakokwenda kama dawa hiyo wanayo. Anayetumia dawa za kufubaza virusi asione aibu kuomba barua hiyo. Bila barua utaanza upya foleni, na siku zinazopotea hapo virusi havizihesabu kama likizo. Mama mjamzito abebe kadi yake ya kliniki kwenye mkoba wake mwenyewe, si kwenye boksi la vyombo.

Mtendaji wa kijiji unachotoka akupe barua ya utambulisho, na kule ukifika ripoti, uandikwe kwenye rejista ya wakazi. Mambo mengi yanategemea hilo: usajili wa mbolea ya ruzuku, kura, hata nafasi yako ya kusimama kwenye Mkutano Mkuu na kusema.

Kuuza au kutouza

Mzee wa Meatu alitupigia tena mwezi wa kumi. Alikwenda Nsimbo na mkewe, walikaa siku kumi na moja. Kijiji cha kwanza walioneshwa ekari 30 nzuri sana na muuzaji mwenye haraka. Walipoomba muhtasari, muuzaji akaacha kupokea simu. Kijiji cha pili kina mpango wa ardhi na kimewaambia wasubiri mkutano wa Desemba, nafasi iliyopo ni ekari 12, ng'ombe wasizidi kumi na watano.

Ekari 12 ni chache kuliko alizonazo. Alituuliza sasa afanyeje na mteja wake wa shamba, ambaye amechoka kungoja. Tulimwambia tunachowaambia wote: kodisha, usiuze, mpaka uwe umevuna msimu mmoja kamili kule na hati au muhtasari uko mkononi. Fedha ya kukodisha ni ndogo na haitanunua bati za nyumba mpya. Lakini mwenye pa kurudi anaweza kukataa ardhi mbaya, na aliyeuza kila kitu atakubali chochote atakachooneshwa.

Amekodisha kwa misimu miwili. Kijana wake wa pili amebaki na mji na ngitili. Mkutano wa kijiji kule umepangwa wiki ya pili ya Desemba, na mkewe amesema safari hii yeye ndiye atakayesimama kujieleza, kwa sababu mzee anaongea sana.